Naogopa kutumaini tena, naombeni mnisaidie wapendwa

nasubiri_asubuhi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni mnivumilie ni ndefu kidogo, naandika usiku huu mume wangu amelala sitaki anione nalia tena.

Nina miaka 33, tuko Moshi, ndoa yetu inaenda mwaka wa saba. Nimebeba mimba tatu na zote zimetoka zikiwa kubwa, ya kwanza miezi mitano, ya pili miezi mitano na kidogo, ya tatu miezi minne. Hakuna hata uchungu wa maana, unasikia tu kiuno kinauma kama uliyebeba ndoo mbili, unaenda chooni, basi imeisha. Wa kwanza alikuwa wa kiume. Nilimuona. Alikuwa na kucha jamani, vidole vyote na kucha. Wamama wa ukoo wakamfunga kwenye khanga wakaenda kumlaza migombani, mimi sikuruhusiwa kwenda, hakukuwa na msiba wala turubai wala mtu wa kunipa pole, niliambiwa tu wewe bado binti utapata mwingine.

Sasa nina ya nne, leo wiki ya 21. Safari hii daktari alinishona mlango wa kizazi nikiwa wiki ya 13, anasema ndio uliokuwa unalegea siku zote. Nimeomba ruhusa kazini napumzika. Kila nikienda chooni naangalia kama kuna damu, kila mara, hata saa tisa usiku nawasha tochi ya simu naangalia.

Lakini sio hicho kinachonileta hapa. Kinachonileta ni kwamba sitaki kutumaini. Sijanunua kitu hata kimoja. Mama yangu alinipa doti ya khanga mimba ya kwanza, imeandikwa Nani Kama Mama, iko kwenye begi chini ya kitanda haijakatwa mpaka leo, siwezi hata kuitazama. Juzi mume wangu kanishika tumbo akasema huyu leo anacheza, nikamtoa mkono. Najua nimemuumiza, hajasema kitu ila najua.

Alafu mwezi uliopita kwenye semina mtumishi mmoja mgeni akatuambia wanawake tunaopoteza mimba hofu ndio inamfungulia adui mlango, na mwenye imani haogopi. Toka siku hiyo naogopa hata kuogopa kwangu. Yani hii nayo ikitoka itakuwa ni mimi nimemuua mwanangu kwa hofu?

Swali langu, mtu anapataje ujasiri wa kutumaini tena akiwa ameshaumia hivi? Siulizi namna ya kupata mtoto, hospitali nahudhuria na dawa nakunywa. Nauliza kutumaini. Nikifungua Biblia naona kama wenzangu wote waliamini tu mara moja wakapewa.

Shujaa wa Imani

Dada pokea muujiza wako kwa jina la Yesu! Usikiri kushindwa, maneno yako yana nguvu, kila asubuhi shika tumbo tamka mwanangu utaishi wala hutakufa. Nunua vitu VYOTE leo leo, kitanda, beseni, nguo, kama tayari ameshazaliwa. Ukinunua nusu nusu ni mashaka. Nakuombea, imekwisha!

nasubiri_asubuhi

Asante mtumishi kwa maombi. Ila mimba ya pili nilifanya hivyo hivyo, nilinunua kila kitu na nikatamka kila asubuhi. Lile beseni tunaoshea mboga sasa hivi.

baba wa miche miwili

Sista pole sana. Mimi niko Nakuru, naandika hii nikijua bibi yangu ako kwa hii hali yako. Tulipoteza mapacha, alikuwa amefika miezi sita. Na nikuambie mapema usidhani nitamaliza na ushuhuda, sisi mpaka saa hii hatujapata mtoto. Kama unataka story ya mwenye alipata, wacha wengine wakuandikie.

Mimi kazi yangu ni ya mashamba, naandikia watu mikataba, napeleka watu kuona beacon, hizo vitu. Kuna sehemu kwa Biblia sikuwahi kuisikia ikihubiriwa vizuri mpaka nikaisoma mwenyewe usiku nikiwa na hasira, Yeremia 32. Kila mtu anajua Yeremia 29 ile ya mawazo ya amani, imeandikwa hadi kwa kalenda. Nenda mbele kidogo tu. Jeshi la Babeli limezunguka Yerusalemu, Yeremia mwenyewe amefungwa kwa uwanja wa walinzi, na yeye ndiye amekuwa akisema mji utaanguka. Sasa hapo ndani ya jela anakuja binamu yake Hanameli anamwambia ninunulie shamba langu kule Anathothi. Sista, mimi nauza mashamba, nakuambia hakuna shamba mbaya kama hio. Iko chini ya adui. Hakuna mtu angekopesha pesa kwa hio hati. Na Yeremia ananunua! Anapima shekeli 17 za fedha kwa mizani, anaita mashahidi, anaandika hati mbili, moja ya kufungwa na muhuri na moja ya wazi, anampatia Baruku mbele ya watu wote aziweke kwa chombo cha udongo ndio zikae siku nyingi. Kila kitu kwa utaratibu, ni kama ile tunafanya kwa ofisi.

Sasa angalia ile ilinishika. Akishamaliza kutia sahihi NDIO anaanza kuomba, na hayo maombi si ya mtu ametulia. Anamwambia Mungu wazi, wewe unaona maboma yamefika mpaka ukutani, na bado umeniambia ninunue shamba? Hiyo mashaka ilikuja nyuma ya sahihi na Mungu hakufuta hati juu ya hiyo.

Na hakuna mahali imeandikwa aliwahi kulima hiyo shamba. Watu wake mwishowe walimbeba wakaenda na yeye Misri. Kwa hivyo alilipa pesa halali kwa kitu hangekula, juu Mungu alikuwa amesema kutakuja siku watu watanunua tena mashamba kwa hiyo nchi.

Sisi tulifanya kitu kidogo. Bibi yangu hakutaka kusikia maneno ya mtoto tena, hata mimi. Tulipanda miche miwili ya avokado nyuma ya nyumba, mahali ilikuwa tupatengeneze pa watoto kuchezea. Siku ya kupanda hatukuomba, hatukuwa na maneno, alishika mche mimi nikarudisha mchanga. Mwaka huu yote miwili imeanza maua. Watu kanisani walikuwa wananiambia nijikaze kisabuni, hakuna mwenye aliuliza majina tulikuwa tumewapatia. Tulikuwa tumewapatia.

Kwa hivyo swali yako, unapata aje ujasiri. Mimi sijawahi kuupata kwa moyo kwanza. Mkono ulitangulia, moyo ukakuja pole pole na siku zingine unarudi nyuma. Na mzee wako usimtoe mkono sista, yeye pia ako na hofu, sisi hatujui kuisema tu.

Bibi Mkunga

Mwanangu, marahaba hata kama hujaniamkia, maana ungeniona ungeniamkia. Mimi ni mkunga mstaafu, nimekaa leba miaka 31, na ni mama wa kanisa. Nitaanza na lile linalokutesa zaidi.

Hofu haitoi mimba. Nisikie vizuri. Hofu HAITOI mimba. Nimezalisha wanawake waliotetemeka miezi tisa mizima wakiapa watoto wao watakufa na watoto wakatoka wakilia, na nimezika watoto wa wanawake waliokuwa wanaimba mapambio mpaka dakika ya mwisho. Mlango wako wa kizazi ulikuwa unafunguka kabla ya wakati kwa sababu mtoto anaongezeka uzito na ule mlango hauna nguvu ya kushikilia, ndio maana husikii uchungu, unasikia kiuno na uzito chini halafu basi. Ni jambo la mwili kama vile mwingine anavyozaliwa na jicho lisiloona mbali. Daktari ameweka uzi kushikilia, na ameuweka wakati wake. Wewe hujaua mtoto yeyote.

Na aliyekuambia mwenye imani haogopi naomba umjibu kwa Biblia, 2 Wafalme sura ya 4, yule mama wa Shunemu. Unasema wenzako wote waliamini mara moja wakapewa, huyu hapana. Elisha anamwambia mwakani wakati kama huu utakumbatia mtoto wa kiume, yeye anajibu nini? Hapana bwana wangu, usinidanganye mimi. Yule mama alikuwa ameshafunga begi lake akalisukuma chini ya kitanda kama wewe. Alikuwa ametengeneza chumba cha nabii orofani, kitanda, meza, kiti na taa, wala hakuwa ameomba malipo ya mtoto, maana jambo lenyewe lilikuwa linauma mno hata kulitaja. Na Elisha hakumwambia kwa sababu umesema hivyo basi hupati.

Halafu yule mtoto akaja, akakua, siku moja shambani akasema kichwa changu kichwa changu, akaletwa kwa mama yake, akakaa magotini pake mpaka mchana akafa. Hapo ndipo ninapopapenda. Mama anapanda punda anaenda mpaka mlima Karmeli, anamshika nabii miguu. Gehazi anakuja kumsukuma aondoke, wapo akina Gehazi hata leo makanisani. Elisha anasema mwache, roho yake ina uchungu, na Bwana amenificha hili hakuniambia. Umesikia hilo mwanangu? Nabii wa Mungu anasema mimi sijui kwa nini, Bwana hakuniambia. Mgeni wa semina alijuaje ya kwako? Na yule mama anasema maneno makali kabisa, kwani mimi nilikuomba mtoto? si nilikuambia usinidanganye? Hakuna mtu anayemkemea. Elisha anainuka na kumfuata.

Sasa ya hospitali, maana Mungu amekupa na haya. Ukiona damu, au maji yanatoka hata kidogo kidogo, au tumbo linabana na kuachia, au uzito unashuka chini, au homa, usisubiri asubuhi wala usisubiri mchungaji, nenda. Mwambie mumeo awe na namba ya bodaboda au bajaji ya mtu anayemjua. Ule uzi kwa kawaida huondolewa karibu na wiki ya 36 au 37, ukianza uchungu kabla ya hapo unaondolewa mapema usichane mlango, kwa hiyo popote utakapokimbilia sema kwanza kabisa kwamba umeshonwa. Wiki ya 28 ukiifika utakuwa umevuka kilima kirefu, watoto wa wiki hizo nimewaona wengi wakiishi. Tulikuwa tunawafunga kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kangaruu, ile njia ilianza Bogotá huko Colombia mwaka 1978 hospitali ilipokosa mashine za kutosha za kuwapa joto. Nimefunga wangapi kwa khanga mimi, mtoto uzito kama nusu mfuko wa sukari wa kilo mbili, unamuona mama anaogopa hata kupumua.

Kwa hiyo kuhusu hiyo doti. Ndugu yetu wa Nakuru amenitangulia kusema. Usinunue duka zima. Toa hiyo moja, ikate viwe vipande viwili, peleka kwa fundi apinde, basi. Kimoja watampokelea, kingine kitakuwa chako. Ukishindwa wiki hii jaribu wiki ijayo, hakuna anayekuhesabia.

katekista wa Karagwe

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nitaongeza dogo tu kwa sababu bibi amemaliza. Dada yangu ukishindwa kusali usijilazimishe sala nzuri, soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa, hii haigeuki, inaishia gizani na imo kwenye Biblia hivyo hivyo. Mke wangu alipokuwa ICU niliisoma siku 9 mfululizo kwenye korido, sikuwa na kitu kingine cha kumwambia Mungu.

Na wale vijana watatu wa Danieli 3 walipoambiwa watatupwa kwenye tanuru walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, wakaongeza, bali kama si hivyo, bado hatutaisujudia sanamu. Hilo "kama si hivyo" halikuwa kupungukiwa imani. Mimi nilikuwa naona kutumaini ni kujua itakuwaje, nikawa nashindwa kila siku, mpaka nilipoona hata wale hawakujua.

Nikuulize kitu, yule mtoto wa kwanza ulimpa jina? Kama hukumpa, hujachelewa. Kwetu parokiani tuliwahi kusali na mama mmoja pale migombani miaka 11 baada ya mtoto kuzikwa. Mumeo anaweza kukuonesha mahali, au mmoja wa wale wamama, bado wanapajua.

Shujaa wa Imani

Dada nimerudi kusoma na nimekosa amani toka jana. Niliandika haraka. Dada yangu wa tumbo moja alipoteza mimba 2019 na mimi nilimwambia maneno haya haya niliyokuambia wewe, hajawahi kunijibu vibaya ila aliacha kunipigia. Naamini bado kwamba Mungu anaponya na sitaacha kuamini. Lakini nimekutwika mzigo juu ya mzigo, naomba unisamehe. Nimempigia simu dada leo. Nitakuombea tu bila kukuagiza la kufanya.

nasubiri_asubuhi

Nimekusamehe kaka, na umsalimie dada.

Samahanini nimekaa kimya muda, nilikuwa sina nguvu ya kuandika. Shikamoo bibi. Leo ni wiki ya 27 na siku mbili.

Wiki ya 22 ndio ilikuwa mbaya kuliko zote maana ndio ile ya pili ilitoka. Nililala siku nne siinuki. Nilimuonesha mume wangu haya yote tuliyoandikiana hapa, nilimpa tu simu nikageukia ukutani. Akasoma kimya muda mreeefu alafu akasema mimi najua alipo. Kumbe mume wangu siku ile aliwafuata wale wamama kwa nyuma, alisimama mbali akaona mgomba gani, na miaka yote sita amekuwa akienda kuupalilia ule mgomba mimi nikidhani anaenda kukata majani ya ng'ombe. Sijui nisemeje. Nilikuwa naona nalia peke yangu.

Jumapili mbili zilizopita alinipeleka kwa gari ya rafiki yake, polepole mno, tulisimama pale kama dakika kumi. Amempa jina. Nitalihifadhi hilo. Nilisoma ile ya 88 nikaishia nusu, yeye akamalizia.

Hofu ipo. Tochi bado nawasha usiku sitawadanganya. Ila asubuhi ile tuliporudi nilivuta begi. Doti ilikuwa imenata kwenye mikunjo na inanuka zile dawa za mende, nikaifua mara mbili. Kuikata nilishindwa, mkasi nilishika nikaurudisha, siku ya tatu ndio nikakata na nikakata vibaya, kipande kimoja ni kikubwa kuliko kingine. Nimempelekea fundi apinde. Ameniuliza mama hivi vya mtoto? nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo bibi, kwa sauti, mbele ya watu wawili waliokaa pale kwenye benchi.

Anasema nikachukue Alhamisi.

Bibi Mkunga

Mwanangu. Nimesoma nikiwa jikoni nikazima jiko kwanza.

Kile kikubwa ndicho cha mtoto. Na ukivichukua kwa fundi vifue tena, uzi mpya wa kupindia hukwaruza ngozi ya kichanga, kisha vianike juani upande wa ndani.